Mkangafu

Mvua zikishashika Songea, mjomba wangu huianza siku kwenye mianzi, ndipo aende kwenye mahindi. Mahindi hupewa mbolea ya ruzuku na dawa ya viwavi. Mianzi haipewi kitu. Inajilisha kwa majani yake yenyewe yanayoozea chini, kama ilivyokuwa enzi za babu aliyeipanda kwenye mteremko ule.

Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa Iringa, Njombe na huku kwetu Ruvuma, na wengi huusifu kwa kuwa hupatikana kwa bei nafuu. Mimi nausifu kwa mkono unaoutoa.

Machipukizi yakifika kiunoni, mjomba huchagua. Uchaguzi huu ni mgumu kuliko unavyoonekana, maana chipukizi likigemwa halitakuwa tena mwanzi wa kujengea, na kichaka kikigemwa chote hakibaki na vijana wa kukiendeleza. Hupita akiyabonyeza kwa kidole gumba, mengine akiyaacha yaende zake. Yaliyochaguliwa huyakata ncha. Kisha asubuhi na jioni, kwa muda wa kama wiki moja, huyapunguza kidogo kidogo hadi maji yaanze kutiririka. Hapo ndipo hufunga mbeta, kipande cha mwanzi mkavu cha kukingia. Akikata nene, chipukizi litaisha kabla ya msimu kuisha. Akiruka siku, kidonda kitakauka na maji yatakoma.

Maji ya kwanza ni togwa, matamu, sukari yake kama gramu 60 kwa lita. Hayo hunywewa na watoto. Hakuna hamira inayotiwa. Chachu inaishi ndani ya mbeta, ndiyo maana mjomba huisuuza kwa maji matupu na hataki kabisa kuona sabuni karibu yake. Ndani ya saa chache povu linapanda. Siku ya pili sukari imeliwa, na kilichobaki ni mkangafu: mweupe kama maji ya kuoshea mchele, mkali, wenye uchachu safi na harufu ya majani mabichi, usioacha utamu mdomoni.

Nimewahi kunywa mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma, kule ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na ambako Chenin Blanc, zabibu ya bonde la Loire huko Ufaransa, imepata makao. Niliuheshimu. Nikautambua pia, kwa kuwa njia ni ile ile: chachu imeachwa ile hadi sukari iishe. Ila mtengeneza mvinyo ana tangi, anaweza kupoza, kuchuja na kuziba chupa. Mkangafu hauzibwi. Ukikaza kifuniko cha dumu ukapanda nalo basi la Dar es Salaam, litakuwa limevimba kabla hujafika Makambako, na baada ya siku chache ulanzi unaelekea kwenye siki.

Kwa hiyo mjomba ana saa chache tu. Huinamisha sikio juu ya dumu. Ukichemka kwa kelele, bado. Ukinong'ona, huita watu. Wapo wauzaji wanaouongezea maji na sukari ili ujaze vikombe vingi, nami naona ni kosa kubwa: ile sukari inaamsha kazi iliyokwisha kumalizika, na mnywaji anadanganywa kuhusu mvua, kichaka na siku nzima ya mtu.

Msimu uliopita nilimwomba anifundishe. Akanipa kisu, nikakata. Alikipokea kisu bila kusema neno, akakwangua kipande chake, akakiweka juu ya kiganja changu. Kilikuwa kimelowa na kilinata. Chini yake niliona mistari yote ya mkono wangu.