Miwani ya laki sita na koki ya bureti

Mwezi uliopita mwalimu wangu wa kemia wa sekondari alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kwa ufupi: wahitimu wa zamani wamechanga shilingi milioni mbili kwa ajili ya maabara, na mjumbe mmoja wa kamati anashauri wasinunue vioo vinavyovunjika na kemikali zinazoisha, bali wanunue miwani ya uhalisia pepe. Mwalimu akamalizia: "Mwanangu, nasikia hicho kitu unacho. Niambie ukweli."

Ninacho. Ni Quest 2 ya Meta, niliyoinunua kwa mtu kwa laki sita, na nimekaa nayo karibu mwaka na nusu. Kwa hiyo nimeamua kumjibu hapa, maana najua hayuko peke yake kwenye mtihani huu.

Kwanza niitendee haki. Quest 2 ilipotoka Oktoba 2020 iliuzwa dola 299 Marekani, na haikuhitaji kompyuta wala waya. Ndani yake kuna chipu ya jamii ileile inayoendesha simu, skrini moja iliyogawanywa kwa macho mawili, na kamera nne zinazotazama nje. Kabla ya miwani za aina hii zinazojitegemea, ukitaka kitu cha maana kwa kawaida ilibidi uwe na kompyuta ya bei mbaya pembeni. Na inapofanya kazi, aisee, inafanya kazi. Mara ya kwanza nilipofungua Mission: ISS nikaachia chuma nilichokuwa nimeshika, tumbo lilishtuka kana kwamba kweli naelea kilomita 400 juu ya dunia, huku nikijua kabisa nimesimama chumbani na ndala miguuni. Sikosoi hiki kitu kwa chuki.

Tena kuna somo moja la kemia ambalo inalifundisha kuliko ubao. Chukua molekuli mbili ambazo moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kitabuni zinachorwa kwa vistari vinene na vya nukta, na nusu ya darasa inakariri tu. Ukizishika kila moja kwa mkono wake, ukazizungusha na kujaribu kuzilaza moja juu ya nyingine, unaona mwenyewe kwamba hazilingani. Dakika tano zinatosha.

Ila mwalimu hakuniuliza kuhusu molekuli. Aliniuliza kuhusu maabara, yaani taitresheni, na hapo ndipo pagumu.

Tuanze na macho. Kila jicho linapewa pikseli 1832 kwa upana, zikitandazwa kwenye eneo la takriban nyuzi 90. Gawanya: ni kama pikseli 20 kwa kila nyuzi moja. Jicho zima la binadamu linaweza kutofautisha karibu 60. Sasa bureti inasomwa kwa vistari vya sehemu ya kumi ya mililita, na unafundishwa kushusha jicho hadi lilingane na uso wa kimiminika. Ndani ya miwani, vistari hivyo kwa umbali wa mkono ni ukungu. Watengenezaji wa programu wanakwepa tatizo kwa kukuandikia jibu kwa tarakimu kubwa zinazoelea hewani. Mwanafunzi anapata namba sahihi bila kujifunza kuisoma, wakati kuisoma ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Lenzi zenyewe ni za Fresnel, zenye miduara kama ya santuri, wazo lililobuniwa kwa minara ya taa miaka ya 1820 ili kioo kiwe chepesi. Ni wazo zuri, ila maandishi meupe kwenye giza yanatoa miale kama taa ya pikipiki usiku wa mvua. Nafasi kati ya lenzi ina hatua tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Mwenye macho ya katikati anafurahi. Mwenye 72 au 54 anapata picha isiyotulia na kichwa kinachouma, halafu anaambiwa hajazoea. Kuna na mgogoro ambao hakuna mtu anayeukwepa: macho yanakutana kana kwamba kitu kiko karibu na pua, lakini lenzi ya jicho inalazimika kulenga umbali mmoja usiobadilika. Ndiyo maana vitu vya karibu ndivyo vinavyochosha zaidi, na bahati mbaya kazi zote za maabara ni za karibu.

Sasa rimoti, sehemu ninayoipenda na inayoniudhi kuliko zote. Kila moja ina pete ya plastiki iliyofichwa taa ndogo za infraredi usizoziona kwa macho. Kamera za usoni zinazisoma kama baharia anavyosoma nyota, na kutokana na mpangilio wake zinajua mkono uko wapi na umeelekea wapi. Mkono ukijificha nyuma ya mgongo, kamera hazioni kitu, ndipo vihisi vya ndani ya rimoti vinapobaki peke yake: kimoja kinapima mzunguko, kingine mchapuko.

Kwa nini visitumike hivyo tu muda wote? Kwa sababu ya hesabu ya kidato cha tatu. Mahali unapatikana kwa kujumlisha mchapuko mara mbili, na kosa linakua kwa mraba wa muda. Kihisi kikikosea kwa mita 0.05 tu kwa sekunde mraba, baada ya sekunde moja mkono umehama sentimita 2.5, jambo ambalo hata hulioni. Baada ya sekunde kumi umehama mita mbili na nusu, uko kwa jirani. Kamera zinakuja kila mara kusahihisha uongo huo. Kwangu hii ni uhandisi mtamu kabisa, kwenye kitu kinachotumia betri moja ya AA kama ya redio.

Ila kamera zinataka mwanga. Umeme ukikatika saa mbili usiku miwani haizimiki, ina betri yake, lakini inakuwa kipofu na chumba cha kidijitali kinaanza kuyumba. Jua nalo ni adui: niliisahau mezani karibu na dirisha, lenzi zikakusanya mwanga kama kioo cha kuwashia karatasi, na sasa kona moja ya skrini ina doa la manjano. Uzembe wangu huo.

Tatizo kubwa la rimoti ni kwamba zinajua kutetemeka tu, hazijui kukataa. Ukigusa meza pepe, mkono unapita katikati yake huku plastiki ikinguruma kidogo. Koki ya bureti ina ukinzani, na kidole kinajifunza ni kiasi gani cha kuikaza ili litoke tone moja badala ya matatu. Mwalimu huyuhuyu alinifokea mwaka mzima juu ya tone hilo. Kwenye miwani unabonyeza kitufe, tone linatoka, kila mara moja, safi. Hakuna anayefeli.

Halafu kuna jambo ambalo kamati haijaliwaza. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua rekodi za mchezo wa Beat Saber na kuonyesha kwamba kwa sekunde 100 tu za mwendo wa kichwa na mikono wanaweza kumtambua mtu mmoja kati ya zaidi ya 50,000, kwa usahihi wa asilimia 94. Hawakuhitaji jina wala sura. Ukishika rimoti unaacha saini. Mimi ni mtu mzima, nimekubali masharti bila kuyasoma kama wengine. Mtoto wa kidato cha pili anawekewa miwani na shule, hajaulizwa.

Hesabu ya mwisho ni ya darasani. Milioni mbili zinanunua miwani tatu zilizotumika, na chenji ya betri. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja dakika kumi, ni zamu 17, yaani dakika 170. Chaji ya Quest 2 inadumu saa mbili hadi tatu. Somo ni dakika 80. Na umri wa kifaa? Quest ya kwanza ilitoka Mei 2019, na mwaka 2023 ikaacha kupewa mambo mapya. Bureti niliyotumia mimi ilikuwepo shuleni kabla sijazaliwa, ina mkwaruzo kwenye 30.

Nikamwandikia: Shikamoo Mwalimu, nunua bureti, pipeti na asidi, na zikibaki hela rekebisha bomba la maji. Miwani nitakuja nayo mwenyewe Jumamosi mkifika kwenye kemia ya kaboni, molekuli mbili, dakika tano kila mtoto, kwa akaunti yangu, na asiyetaka asivae.

Akajibu: "Marahaba. Betri tununue ngapi?" Nne, Mwalimu. Mbili ni za akiba.