Siwa ya Lipu huko Pujini

Mwaka 1810, huko Sydney, wafungwa walichonga kiti katika jabali la ukingo wa bandari kwa ajili ya Elizabeth Macquarie, mke wa gavana, aliyependa kukaa pale akitazama meli. Kwetu Pemba, wake wa mtawala walijengewa ukuta kisimani. Masimulizi ya Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake, yanasema wake wawili wa Mkama Ndume hawakupatana hata kwenye kuteka maji; basi kisima kikagawanywa, mmoja akawa anashuka kwa ngazi na mwenziwe anavuta kwa kamba na ndoo. Ukewenza ukaamuliwa na mwashi.

Mkama Ndume mwenyewe anatajwa kwa ukatili wake, na ngome yake ya karne ya 15 na 16 imebaki maboma na magofu. Mimi nawafikiria zaidi mafundi wake. Chini ya ardhi, ndani ya ngome hiyo, kuna chumba ambacho ukuta wake umepambwa kwa siwa, lile baragumu kubwa la heshima la watawala wa pwani. Adria LaViolette, aliyeongoza uchimbaji hapo, alikieleza chumba hicho kuwa mahali pa ibada. Siwa za kweli, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, zinatazamwa katika makumbusho ya Lamu. Hii ya Pujini haikuundwa ipulizwe. Ni ya lipu.

Na lipu hiyo ina safari ndefu. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yageuke chokaa. Chokaa huzimwa kwa maji, nayo huvuma na kutoa joto la kuunguza mkono. Kisha huachwa, miezi ikapita, ikilainika. Mwenye haraka hupata lipu yenye chembe zisizoiva, ambazo baadaye hufura na kuitoboa kazi yake.

Ukutani napo chokaa haigandi kama saruji. Hukaza polepole kwa kuvuta hewa, na ikikauka mapema hupasuka. Kwa hiyo ubaridi na unyevu wa chini ya ardhi, ambao tungedhani ni adha, humsaidia fundi. Lakini humwia kazi kujua wakati: akikata lipu ikingali mbichi, ukingo huporomoka; akichelewa, humegeka vipande. Siwa ina mkunjo, unaotoka mwembamba kwenye mdomo na kupanuka kuelekea tundu la sauti, na mkunjo ukishakosewa hauzibiki bila kuonekana kiraka. Zaidi ya hapo, kule chini hakuna jua. Taa ikiwekwa mbele ya ukuta, umbo lililoinuka kidogo hupotea. Ikiwekwa ubavuni, kila kivuli kinasema. Fundi lazima awe aliihamisha taa yake mara nyingi.

Wachongaji wa Sydney walikuwa na mwanga wa bandari nzima, na mwamba uliokuwa mgumu tangu mwanzo.

Anayetaka kuokoa kuta kama hizi za Pujini asilete saruji. Saruji ni ngumu mno, hufunga unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na lipu ya zamani huanza kubanduka kwa nyuma. Achome chokaa, aizime, asubiri.