Uzi Huulizwa kwa Moto

Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Juni na Julai haina utani. Kofia na soksi za mtoto mchanga si mapambo, na anayezifuma kwa kroshe hukesha nazo.

Kwa anayetaka uzi usiotokana na mnyama, hapa hakuna ubishi mkubwa. Kondoo wa kwetu ana nywele fupi, hufugwa kwa nyama, sufu hana. Mabunda ya rangi kali yaliyojaa sokoni aghalabu ni akriliki, uzi unaotokana na mafuta ya petroli. Kweli, hakuna mnyama aliyenyolewa. Lakini kila inapofuliwa, akriliki huachia vinyuzi vya plastiki majini, na maji ya mji wa migodi yana mzigo wake tayari.

Fundi mzoefu haamini karatasi iliyobandikwa kwenye bunda. Hukata kipande cha uzi kama urefu wa kidole, akakishika kwa koleo juu ya makaa ya mbabula. Pamba hushika moto upesi, hunuka karatasi iliyoungua, huacha jivu laini la kijivu. Sufu hunuka nywele. Akriliki hujikunja, huyeyuka, na ikipoa hubaki kidonge cheusi kigumu. Ukiona jivu lenye chembe ngumu, umeuziwa mchanganyiko. Na kwa kuwa mtoto huota moto hapohapo penye mbabula, sitaki uzi unaoyeyuka ugusane na ngozi yake.

Pamba nayo ina ukaidi wake. Hainyumbuki kama sufu. Mkono ukikaza, sindano haipenyi kitanzi, na kiganja huuma kabla kofia haijafika masikioni. Inataka mkono mlegevu na sindano nene kidogo.

Lakini tusiisifu pamba kupita kiasi. Kuanzia 1917 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wanakijiji wa Kongo kulima pamba. Aliyezembea alitozwa faini, alifungwa au alionja kiboko. Anayeuliza kama mnyama aliumia aulize pia habari za mkulima.

Nyuzi za mimea zina historia nyingine pia, ya hiari. Wachokwe wa Dilolo na Sandoa huwavisha makishi, wachezaji wa vinyago wa mukanda, yaani jando, mavazi ya kubana mwili yaliyofumwa kwa mkono, kitanzi ndani ya kitanzi, kwa nyuzi za mimea. Kroshe nayo haijapata mashine ya kuiga kazi yake sawasawa: kila kitambaa cha kroshe halisi unachokutana nacho, hata kile cha bei ya kutupa, kilipita mikononi mwa mtu. Mtu huyo alilipwa nini? Bei hiyo ya kutupa ndiyo inayonitia shaka kuliko uzi wenyewe.

Pamba ni ghali, najua. Kama fedha inatosha bunda moja tu, fuma kofia. Blanketi lisubiri mwakani.