Fedha ya Kitambaa cha Kijani

Nyumbani mwetu nguo ikichakaa hufanywa tambara la kufutia meza, kisha hutupwa. Lakini kwa Harriet Powers kila kipande kilikuwa mali. Mama huyu alizaliwa utumwani mwaka 1837, katika Georgia, nchi ya Marekani. Alipokwisha kuwa huru alishona mifarishi ya viraka, nayo miwili ndiyo ijulikanayo leo.

Ule wa kwanza ulionyeshwa watu katika mji wa Athens, Georgia, mwaka 1886, nao sasa umehifadhiwa katika jumba la Smithsonian, Washington. Una picha 11, zote zimekatwa katika vitambaa na kushonwa juu ya nguo: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, Kristo akibatizwa, na nyinginezo.

Huenda mtu akasema kwamba sura hizi ni za kitoto, maana watu wake ni maumbo tu, kama vivuli ukutani. Mimi sikubali. Mtazame Yuda: vile vipande thelathini vya fedha vimefanyizwa kwa kitambaa cha kijani. Mchoraji angalitafuta rangi ya fedha; mwenye kukusanya viraka hujiuliza kwanza, Nina nini mkononi? Nasi twaitambua fedha ile pasipo kuelezwa, kwani habari yake twaijua.

Jennie Smith, mwalimu wa kuchora, alitaka kuununua mfarishi huo, mama akakataa. Miaka michache baadaye maisha yakawa magumu, naye akampelekea, akitaka dola 10, akapewa 5. Bibi Smith aliandika kwamba mama yule alitulia kidogo tu, alipoahidiwa kuwekewa mabaki yote ya vitambaa. Tena alirudi mara kadhaa kuutazama.

Wako watakaoicheka faraja hiyo. Wasicheke. Dola 5 huliwa zikaisha, bali mabaki ya nguo kwa mshonaji ni mbegu. Baadaye alishona mfarishi mwingine wa picha 15, uliopo Boston hata leo. Lakini mbegu si malipo ya mavuno. Furaha ya mama yule ilikuwa ya kweli, na bei ile ilikuwa ndogo. La kwanza halifuti la pili. Yafaa tuyakumbuke yote mawili, kila tunapomwona mama akifungua kikapu chake cha viraka.