Kutazama Data Kabla ya Kukokotoa: Mfano wa Ozoni ya New York katika RStudio

Kitazama data cha RStudio ni dirisha linaloonyesha jedwali zima la vipimo ndani ya programu ileile inayofanya hesabu. Hufunguliwa kwa amri ya View, yenye V kubwa, au kwa kubofya jina la jedwali katika orodha ya vitu vilivyopakiwa. Kazi yake ni kumwezesha mchambuzi kuviona vipimo vyenyewe kabla ya kuvigeuza kuwa wastani na grafu. Umuhimu wa hatua hiyo unaonekana wazi katika airquality, jedwali linalokuja pamoja na R, lugha ya programu inayotumiwa ndani ya RStudio.

Jedwali hilo lina vipimo vya hewa ya jiji la New York, Marekani, kuanzia Mei hadi Septemba 1973. Lina mistari 153, mmoja kwa kila siku, na safu 6: ozoni, mionzi ya jua, upepo, joto, mwezi na tarehe. Ozoni imeandikwa kwa sehemu kwa bilioni, na joto ni lile la juu kabisa la siku, kwa nyuzi za Farenhaiti.

Jedwali likifunguka, macho hukutana mapema na alama ya NA, yaani kipimo hakipo. Mstari wa 5 hauna ozoni wala mionzi. Kwa jumla, ozoni inakosekana katika siku 37. Ndiyo maana amri ya mean(airquality$Ozone) hurudisha NA badala ya namba. Dawa ya haraka ni kuongeza na.rm = TRUE, yaani kuondoa NA kabla ya kukokotoa wastani, na jibu huwa 42.13. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimwelezi mtu ni siku zipi zilizoachwa nje.

Hatua inayofuata ni kupanga. Kubofya kichwa cha safu ya Ozone hupanga mistari kwa ukubwa wa kipimo. Agosti 25 inashika nafasi ya kwanza kwa ozoni 168, ikifuatwa na Julai 1 kwa 135. Upepo wa siku hizo ulikuwa maili 3.4 na 4.1 kwa saa, ilhali wastani wa jedwali zima unakaribia maili 10. Tayari kuna swali la kupima: je, hewa ikitulia ozoni hurundikana?

Kisha huja kuchuja. Kitufe cha Filter huweka kisanduku juu ya kila safu, na kwa safu ya namba hutokea histogramu ndogo yenye vishikio vya kuchagua kiwango. Mwezi ukibanwa kwenye 6, inabaki mistari 30 ya Juni, na pengo linajitokeza lenyewe: ozoni ipo kwa siku 9 tu. Kuanzia Juni 21 hadi 30 hakuna kipimo hata kimoja. Juni 11 na 12, siku mbili zenye joto kali kuliko zote mwezi huo, nyuzi 93 na 92, nazo hazina kipimo.

Ugunduzi huo unabadilisha tafsiri. Wastani wa ozoni wa Juni ni 29.4, chini ya ule wa Septemba, 31.4, ingawa Juni ilikuwa na joto zaidi. Kwa kuwa katika jedwali hili ozoni hupanda pamoja na joto, huenda wastani wa Juni umeshushwa na siku zilizokosekana. Kuulinganisha na wa Septemba, uliojengwa juu ya siku 29, bila kutaja pengo hilo ni kumpotosha msomaji.

Kitazama data kina mpaka wake. Kupanga na kuchuja hubadilisha mwonekano tu. Jedwali hubaki na mistari yake 153, na mibofyo haiandikwi katika faili la amri. Kwa hiyo kila kilichoonekana hurudiwa kwa amri, kwa mfano table(airquality$Month, is.na(airquality$Ozone)), ambayo huhesabu mapengo ya kila mwezi na kumwezesha mtu mwingine kuyahakiki. Mchambuzi makini hutazama kwanza, huandika amri ya alichokiona, na kila anapotoa wastani hutaja idadi ya vipimo vilivyouzaa.