Orodha ya Nyimbo za Juma na Hukumu ya Sikio

Aghalabu uhakiki hutafutwa katika vitabu na majarida, ilhali uko mwingine uliofichwa katika madaftari ya vijana. Katika Uingereza na Marekani wapenzi wengi wa nyimbo za pop walikuwa na ada ya kuandika kila juma, kwa mkono wao wenyewe, orodha ya nyimbo walizozipenda, na kuonyesha ipi imepanda na ipi imeshuka. Miaka ikisha kupita, mwenye daftari hulifungua tena. Ndipo linapozuka swali: je, daftari hilo ni hukumu, au ni mchezo wa ujana tu?

Umbo la orodha hiyo lilitoka sokoni. Gazeti la New Musical Express lilipochapisha orodha yake ya kwanza nchini Uingereza, tarehe 14 Novemba 1952, Percy Dickins aliikusanya kwa kupiga simu katika maduka kama 20 na kuuliza ni sahani zipi za santuri zilizouzwa zaidi. Al Martino ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza, akakaa nayo majuma 9. Vijana waliozoea kusoma orodha za namna hiyo wakaiga mpango wake, kila mmoja kwa nyimbo zake.

Hapa yafaa kupambanua jambo moja. Sahani hununuliwa mara moja. Kwa hiyo wimbo uliweza kushuka katika hesabu ya maduka ingali unapendwa, maadamu waliokuwa wakiutaka wamekwisha kuupata. Mwenye daftari aliazima kupanda na kushuka huko, lakini hakuweza kuazima sababu yake. Kwake yeye wimbo haukushuka ila sikio limeuchoka, au limevutwa na mwingine. Kila juma alilazimika kulinganisha na kuamua. Hakuandika hoja zake, na huo ndio upungufu wake, kwani hukumu isiyo na hoja haijawa uhakiki kamili. Walakini kulinganisha huko, kukirudiwa mara kwa mara, ndiko mwanzo wa uhakiki wote.

Hatari huja wakati wa kuangalia nyuma. Mtu mzima hukuta wimbo hafifu umekaa kileleni, na wimbo unaosifiwa leo na kila mtu uko nafasi ya 18, au haumo kabisa. Hushawishika kusahihisha. Wanafunzi wa tenzi wanaijua hasara hiyo: mnakili aliyeutengeneza ubeti apendavyo amewaachia wasomaji ladha yake, akawanyima maneno ya mtunzi. Orodha iliyosahihishwa nayo hueleza habari za msahihishaji. Kijana aliyeiandika hayumo tena.

Tangu Julai 2014 orodha rasmi ya nyimbo ya Uingereza huhesabu pia nyimbo zinazosikilizwa kwa njia ya intaneti. Basi kule kurudia kusikiliza, ambako zamani kulionekana katika daftari tu, sasa kunahesabiwa hadharani. Hata hivyo hesabu hiyo hujumlisha masikio ya watu wengi mno, wala hapana mmoja awezaye kulitambua lake humo. Daftari huhifadhi sikio moja pamoja na makosa yake, na makosa hayo yaachwe yalivyo. Anayetaka kuongeza neno na aandike pembeni, kwa wino mwingine, hoja ambazo kijana hakuziandika. Kwa njia hiyo orodha hupata uhakiki iliyoukosa, na ushahidi wake hauharibiki.