Karama Mbele ya Baraza: Je, Kusadikika ni Riwaya ya Uasi?

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, imezoeleka kuhakikiwa kama istiari ya utawala wa kikoloni katika Tanganyika, na Karama kuhesabiwa kuwa mpinzani wa utawala huo. Usomaji huo una haki yake. Swali la makala haya ni jingine: je, upinzani wa Karama ni wa namna iliyoung'oa ukoloni?

Uasi wa kiraia ni tendo la umma kuivunja sheria dhalimu waziwazi, bila silaha, na kuipokea adhabu yake. Gandhi aliposhtakiwa kwa uchochezi mjini Ahmedabad, Machi 1922, alikiri kosa, akamtaka hakimu ama ajiuzulu ama ampe adhabu kali kabisa. Alihukumiwa miaka 6. Kwa kukiri kwake, mahakama yenyewe iligeuka mshtakiwa. Karama, anayeshtakiwa na Majivuno kwa kuwafundisha watu uanasheria, hafuati njia hiyo. Anajitetea, anasimulia masaibu ya wajumbe 6 waliotiwa gerezani kwa kuitakia nchi yao mema, na mwishowe mfalme anaridhika, wote wanaachiliwa. Sadaka imo riwayani, kukataa hakumo. Wajumbe wanateswa kwa kutumikia, si kwa kugoma.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwandishi, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, hakuweza kuthubutu zaidi. Hoja hiyo inaeleza kwa nini alitumia fumbo. Haielezi kwa nini aliuacha ufunguo wa gereza mkononi mwa mfalme. Fumbo lililoweza kuining'iniza nchi nzima angani lingeweza kusitiri hata mgomo.

Nje ya riwaya, wakulima hawakuingojea dhamiri ya mtawala. Huko Uluguru walikataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa, na baada ya ghasia za mwaka 1955, ambamo polisi walifyatua risasi, serikali iliuacha mradi huo. Nguvu yao haikuwa ufasaha, bali wingi wa mikono iliyogoma kushika jembe.

Hatusemi Karama abezwe. Ufasaha wake uliwapa wasomaji lugha ya kudai haki, na pasipo lugha hiyo mgomo hubaki manung'uniko. Lakini mwanafunzi anayefundishwa kwamba hotuba njema peke yake iliufungua mlango wa uhuru amepewa nusu ya historia, na nusu aliyonyimwa ni ile ya umma.